Jibu: Tyubu ya kuvulia kwa asiyejua sana kuogelea

Kaka, umeuliza kama tyubu ya kuelea, lile boya la hewa unalokalia majini ukivua samaki, inamfaa asiyejua sana kuogelea, na kama miguu haigandi. Jumamosi nilikuwa bwawa la Strawberry, huku Utah, na rafiki yangu Mkongo, kwa hiyo nakujibu mambo yakiwa bado mabichi.

Miguu inaganda, nisikudanganye. Lile bwawa liko kwenye mita 2,300 hivi, maji yake ni baridi hata kiangazi. Unakaa kama kwenye kochi, maji yanakufika mapajani, unapiga mapezi ya miguuni na kwenda kinyumenyume. Ndani ya suruali ya mpira vaa ya sufu. Mwenzangu alivaa jinzi. Saa tatu haijafika, meno yanagongana!

Samaki? Masaa manne, mmoja tu. Trauti wa inchi kama 17, wale wenye wekundu chini ya taya. Sheria ya pale inataka wa kati ya inchi 15 na 22 warudishwe majini, basi nikamwachia. Jamaa akaninunia. Kwao Uvira samaki akishanaswa ni mboga, hakuna cha kupima na rula. Ila soga tulizopiga, mwaka mzima hatujawahi.

Kuhusu kuogelea: jaketi okozi halina mjadala, usiende peke yako, na usiache ufuo mbali. Upepo ukianza, toka. Sisi ulitukuta katikati, tukapiga mapezi nusu saa nzima huku gari tunaliona pale pale.