Mama ameshindwa kuisahau namba ya siri ya zamani

Swali: Shikamoo, daktari. Mama yangu ana miaka 71 na ninaishi naye hapa Ngamiani, Tanga. Miezi miwili iliyopita alibadilisha namba ya siri ya pesa za simu baada ya mtu kumchungulia kwa wakala. Tangu hapo vidole vyake vinaandika ile ya zamani, na huduma imeshafungwa mara mbili. Ajabu ni kwamba majina ya wenzake wa shamba la mkonge wa miaka ya 1970 anayataja bila kusita. Je, huu ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau?

Jibu: Marahaba. Mjaribu kwanza: muulize namba mpya akiwa ametulia, simu haipo mkononi. Akiitaja sawasawa, basi tatizo lake ni kwamba ile ya zamani imekataa kuondoka.

Kusahau kwa makusudi ni kazi ya ubongo, na hupimwa. Mtu huonyeshwa maneno moja moja, na baada ya kila neno huambiwa alikumbuke au alisahau. Mwishoni hutakiwa ataje yote, hata yale aliyoambiwa ayaache. Vijana hutaja mengi ya kundi la kwanza na machache ya kundi la pili, ilhali kwa wazee tofauti hiyo hupungua. Rose Zacks, Gabriel Radvansky na Lynn Hasher, waliochapisha majaribio ya aina hii mwaka 1996, walieleza kwamba kinachodhoofika ni uwezo wa kuzuia kumbukumbu isiyohitajika. Uwezo huo hutegemea sana sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ni miongoni mwa zile zinazosinyaa zaidi kadiri umri unavyosonga. Namba aliyoibonyeza kwa miaka mingi inashindana na ya miezi miwili, na mwamuzi amechoka.

Hao wenzake wa mkonge wasikutulize wala wasikutishe. Watu wengi wazima hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yao, na hata mgonjwa wa Alzheimer, aina ya ugonjwa wa kusahau unaouulizia, hupoteza ya karibuni kabla ya ya zamani.

Kumwambia «achana na ile ya zamani» ni kuiamsha upya, kwa hiyo msiitaje kabisa nyumbani. Mwache aitamke namba mpya moyoni kabla ya kugusa simu, kisha airudie baada ya dakika chache, baada ya saa moja, jioni, na kesho yake, akiikumbuka mwenyewe bila kuonyeshwa. Asiandike kikaratasi cha kubeba kwa wakala. Hilo nadhani mmeshajifunza.

Mpeleke hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu iwapo anapotea njia aliyoizoea, anarudia swali lile lile ndani ya dakika chache, au anashindwa kuhesabu chenji aliyokuwa akiihesabu bila shida. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msisubiri, kwani kwa mzee hata maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuleta hali hiyo. Mchukue na dawa zake zote: za usingizi, na zile za mafua au mzio zinazoleta usingizi, hupunguza kumbukumbu, na upungufu wa vitamini B12 nao hupimwa kwa damu.