Usimame wapi mwenzi wako akikimbia marathoni

Umeuliza usimame wapi mumeo akikimbia marathoni yake ya kwanza. Usihangaike na mstari wa kuanzia, pale hata hatakuona. Nenda kati ya kilomita ya 30 na 35. Hapo ndipo akiba ya sukari mwilini huanza kuisha na miguu inakuwa mizito kama magogo. Akienda dakika 6 kwa kilomita, ya 30 ataifikia akiwa amekimbia kwa muda wa saa 3, ila anza kuhesabu pale yeye mwenyewe anapovuka mstari, si mlio wa bastola. Kubalianeni mapema utakuwa upande gani wa barabara. (Mimi nilisahau hilo, nikampigia vigelegele mwanaume mwingine kabisa!) Usimwambie "umekaribia" wakati bado kilomita 10, atakununia hadi kesho. Mwite jina tu. Kumpa chakula au kinywaji? Soma kanuni kwanza, mashindano mengine hayaruhusu msaada wa nje na anaweza kuondolewa. Mwishoni msubiri na sweta kavu na ndala, maana akishasimama mwili hupoa upesi.