Kukimbia kila siku ndio kunakumaliza, pumzika kwanza

Pole sana ndugu yangu. Umesema ndo kwanza una miezi miwili tangu uanze kukimbia, unajiandaa na nusu marathoni ya km 21, kila siku unatoka Kirumba mpaka Capri Point hapo Mwanza na kurudi, sasa usingizi hauji, miguu mizito na ugoko unauma. Huo sio uvivu, mwili umezidiwa.

Pumzika siku 4 au 5 hivi, tembea tu, halafu rudi na siku 3 kwa wiki, mbio za taratibu ambazo unaweza kupiga stori na mwenzako bila kuhema, na mlima wa Bugando achana nao kwa sasa maana kushuka kunaumiza ugoko kweli kweli. Km za wiki ongeza kidogo kidogo, isizidi asilimia 10 hivi. Asubuhi kabla hujainuka kitandani hesabu mapigo ya moyo dakika nzima, ukiona yamepanda kuliko kawaida yako siku mbili mfululizo, siku hiyo usikimbie. Na kula ushibe jamani, ugali na dagaa, sio chai kavu.

Ila ukibonyeza ugoko kwa kidole ukakuta sehemu moja tu ya mfupa inauma, au unauma hata umelala, simamisha mbio nenda hospitali, inaweza kuwa mfupa una ufa, na eksirei ya mwanzo wakati mwingine haiuonyeshi, kwahiyo maumivu yakiendelea rudi tena.