Maswali ya Wasomaji: Skripti za Siku Maalumu za Wiki

Duka letu Mbarara limekodi seva ya Ubuntu nje ya nchi. Nataka bekapu ifanyike Jumatatu hadi Ijumaa saa tatu usiku, na ripoti ya wiki itoke usiku wa kuamkia Jumatatu, saa saba. Kwenye crontab, yaani orodha ya ratiba ya cron (programu ya Linux inayoendesha amri kwa wakati uliopangwa), nimeandika `0 3 * * 1-5` na `0 7 * * 1`. Bekapu inakuja saa kumi na mbili asubuhi, ripoti saa nne asubuhi. Tatizo ni nini? (Msomaji, Mbarara)

Kuna makosa mawili, na yamepandana. La kwanza ni hesabu ya saa. Sehemu tano za mstari wa cron ni dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki. Cron husoma saa 0 hadi 23, na 0 ni saa sita ya usiku. Kwa hiyo saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa moja usiku hadi saa tano usiku, ongeza 18. Saa saba usiku hadi kumi na mbili alfajiri, toa 6. Saa tatu yako ya usiku ni 21, na saa saba ya usiku ni 1.

La pili ni kwamba seva yako inafuata UTC (saa rasmi ya kimataifa), iliyo nyuma ya Kampala kwa saa 3. Andika `timedatectl` uone mwenyewe. Bekapu basi ni:

`0 18 * * 1-5 /usr/local/bin/bekapu.sh`

Ripoti ndiyo yenye mtego. Saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu hapa kwetu, kwa UTC bado ni Jumapili, saa 22. Mstari wake ni `0 22 * * 0`. Ukibadilisha saa ukaiacha siku kuwa 1, ripoti itatoka usiku wa kuamkia Jumanne, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuonya. Kazi yoyote ya kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya saa tisa usiku kwa saa za Kampala, rudisha siku moja nyuma. (Siku zenyewe: 0 ni Jumapili, 1 Jumatatu, hadi 6 Jumamosi, 7 nayo ni Jumapili.)

Kama seva ni yako peke yako, acha hesabu hizo zote uihamishe saa:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala`
`sudo systemctl restart cron`

Usiruke amri ya pili, maana cron iliyokwisha kuwaka inaweza kuendelea na saa za zamani. Baada ya hapo andika `0 21 * * 1-5` na `0 1 * * 1`. Utakutana na ushauri wa kuweka `CRON_TZ=Africa/Kampala` juu ya mistari; hiyo inafanya kazi kwenye matoleo ya Linux kama AlmaLinux, Rocky na jamaa zao, lakini cron ya Debian na Ubuntu huipuuza kimya kimya.

SACCO yetu inataka ripoti Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. `0 6 1-7 * 1` inatoa ripoti karibu kila siku mwezi unapoanza, halafu kila Jumatatu. (Msomaji, Arua)

Cron imefanya ulichoandika. Ukijaza sehemu ya tarehe na sehemu ya siku ya wiki kwa pamoja, huziunganisha kwa "au": tarehe 1 hadi 7, au Jumatatu yoyote. Watu wengi hudhani ni "na". Acha cron ichunge tarehe, shelli (programu inayosoma amri, kama bash) ichunge siku:

`0 6 1-7 * * [ "$(date +\%u)" = 1 ] && /opt/sacco/ripoti.sh`

Angalia mkwaju wa nyuma (`\`) kabla ya `%u`. Ndani ya crontab alama ya asilimia ina maana ya kukata mstari: amri huishia hapo, na kinachofuata hupewa amri kama maandishi ya kusoma. Bila mkwaju huo mstari hautafanya kazi, hata kama ulifanya vizuri ulipoujaribu kwa mkono.

Siku moja wanakamati watataka Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Uliza kama siku 7 zijazo ziko mwezi mwingine:

`0 17 * * 5 [ "$(date -d '+7 days' +\%m)" != "$(date +\%m)" ] && /opt/sacco/funga.sh`

Nimeweka `safisha.sh` ndani ya `/etc/cron.weekly` na nimeipa ruhusa ya kuendeshwa. Wiki zinapita, haifanyi lolote. (Msomaji, Kampala)

Ondoa `.sh`. Kwenye Debian na Ubuntu folda hiyo husomwa na `run-parts`, ambayo huruka kila faili lenye nukta katika jina. Liite `safisha` tu. Hakiki kwa `run-parts --test /etc/cron.weekly`, itakayotaja mafaili bila kuyaendesha. Ila folda hiyo si mahali pa kuchagua siku. Ukitaka Alhamisi, tumia `crontab -e`.

Skripti inatakiwa kila Jumamosi ya pili, yaani wiki hii ndiyo, ijayo hapana. Nilitumia namba ya wiki, `date +%V`, nikigawa kwa 2. Wiki ya 8 ilikufa na kosa. (Msomaji, Gulu)

Ilikufa kwa sababu `date` ilitoa `08`, na bash huhesabu namba inayoanza na sifuri kwa msingi wa nane, ambako 8 na 9 hazimo. Hata ukilirekebisha hilo, njia yenyewe ina kasoro. Mwaka 2026 una wiki 53. Jumamosi ya tarehe 2 Januari 2027 bado ni wiki ya 53, na tarehe 9 ni wiki ya 1. Zote ni witiri, kwa hiyo skripti itaendeshwa mara mbili mfululizo au itaruka mbili. Hesabu wiki zisizoanza upya kila mwaka. Weka haya mwanzoni mwa skripti:

`#!/bin/bash`
`wiki=$(( $(date +%s) / 604800 ))`
`[ $(( wiki % 2 )) -eq 0 ] || exit 0`

604800 ni sekunde za wiki moja. Kwenye crontab acha `0 9 * * 6` ya kawaida. Ikiangukia wiki usiyoitaka, badilisha `-eq 0` iwe `-eq 1`. Humu ndani ya faili asilimia haihitaji mkwaju.

Kwa mkono inafanya kazi, kwa cron haifanyi. (Wasomaji kadhaa)

Mara nyingi ni PATH, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Cron haisomi `.bashrc` yako, na kwa kawaida hutafuta amri ndani ya `/usr/bin` na `/bin` peke yake. Taja njia kamili ya kila amri na kila faili, kisha malizia mstari kwa `>> /home/wewe/bekapu.log 2>&1`, kwa mpangilio huo huo; ukitanguliza `2>&1`, makosa hayataingia kwenye faili. Skripti iliyoandikwa kwenye Windows nayo hubeba herufi isiyoonekana mwisho wa kila mstari. Iondoe kwa `sed -i 's/\r$//' bekapu.sh`.

Kompyuta ya ofisi inatakiwa kuendesha bekapu Jumamosi saa mbili usiku, lakini umeme ukikatika, wiki nzima inapita bila bekapu. (Msomaji, Jinja)

Cron haifidii kazi iliyopitwa. Anacron hufidia, lakini huhesabu siku zilizopita tangu mara ya mwisho na haijui Jumamosi. Hapa tumia kipima muda cha systemd, programu inayosimamia huduma za Linux. Faili la kwanza, `/etc/systemd/system/bekapu.service`:

`[Unit]`
`Wants=network-online.target`
`After=network-online.target`
`[Service]`
`Type=oneshot`
`ExecStart=/usr/local/bin/bekapu.sh`

La pili, `bekapu.timer`, folda hiyo hiyo:

`[Timer]`
`OnCalendar=Sat 20:00`
`Persistent=true`
`[Install]`
`WantedBy=timers.target`

Kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl enable --now bekapu.timer`. Kazi inashikwa na `Persistent=true`: umeme ukirudi Jumatatu, bekapu itaanza kompyuta ikiwaka, mara moja tu hata kama Jumamosi tatu zimepotea. Jiandae kwa hilo, kwani itaanza wakati watu wako kazini na bando linatumika. `systemd-analyze calendar "Sat 20:00"` itakuonyesha lini itafuata.

Kama ni kompyuta ya mtumba, angalia pia betri ndogo ya bodi, kwa kawaida CR2032. Ikifa, umeme ukikatika saa hurudi miaka nyuma, na mpaka intaneti iirekebishe, Jumamosi ya mashine si Jumamosi yako.