Ukija Mombasa, Uliza Maji Kwanza

Wifi yangu alishuka kwenye treni pale Miritini na watoto watatu, mabegi manne na karatasi. Kwenye karatasi aliandika kila mahali alipotaka kufika: Ngomeni (Fort Jesus), Pembe (zile sanamu za pembe za ndovu barabarani), Haller Park, mpira, mashua ya kioo (yenye kioo chini), kasa, Diani. Yote kwa siku mbili. Nikamuuliza, "Wifi, utaweza kweli?" Akanijibu kwamba yeye hutoka Nakuru akaenda Naivasha na kurudi kabla ya chakula cha mchana, sembuse Mombasa, kisiwa tu.

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa tumesimama ufuoni Bamburi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na bahari haipo. Maji yamekupwa mpaka kule mwambani, huku nyuma yameacha mchanga, mwani na vidimbwi vya kufika vifundoni. Yule mdogo akauliza ni nani aliyeitoa bahari. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye mzaliwa wa hapa, na usiku uliotangulia nilipita chini ya mwezi mpevu nisiuone.

Maji ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa bamvua: maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayaji juu sana wala hayaendi mbali. Wazee hawaangalii jedwali lolote. Wanauliza leo mwezi ngapi, wakimaanisha mwezi wa Kiislamu, kisha wanakwambia saa ya kushuka pwani. Wewe mgeni shika hili tu: siku za bamvua maji hapa hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi jioni. Basi asubuhi ni ya kutembea, jioni ni ya kuoga. Siku za maji mafu, geuza. Ukiwa na shaka muulize mvuvi yeyote, hatakutoza.

Asubuhi ile hatukurudi nyumbani. Nikawavisha watoto raba kuukuu na tukaenda kutembea vidimbwini, na nadhani hiyo ndiyo saa waliyoifurahia kuliko zote. Kaa wa kila namna, visamaki vya rangi ya samawati, na kiti cha pweza mwekundu, yule mnyama mwenye umbo la nyota, ambaye mtoto wa kati alitaka kumbeba kwenye ndoo. Hapana. Sehemu kubwa ya bahari hii, kuanzia Nyali kwenda kaskazini, ni hifadhi ya taifa ya baharini tangu 1986, na hata pasipokuwa hifadhi, mnyama huyo akitolewa majini kwa ajili ya picha hafiki mbali. Tumbawe nalo usilikanyage. Ukiliona kama jiwe, jua ni kitu hai, kikivunjika huchukua miaka kukua tena. Raba ni muhimu kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu; mwiba wao ukiingia kisiginoni likizo imekwisha.

Kuhusu mashua ya kioo, patana bei kabla hujalowesha mguu, na uulize maneno mawili: ni bei ya kichwa au ya mashua nzima? Ni kwenda tu au kwenda na kurudi? Usicheke. Mwaka fulani mimi mwenyewe, na Kiswahili changu cha Kimvita, nilipelekwa kwenye kisiwa cha mchanga kwa bei moja nikaambiwa ya kurudi ni nyingine. Ungefanyaje, uogelee? Ulizia pia kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei hiyo. Na Mkenya asisahau kitambulisho, maana bila hicho utalipishwa kama mgeni kutoka ng'ambo.

Adui wa pili ni joto, na hili watu wa bara hawaliamini mpaka liwapige. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa kisiwani, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa hajashindwa mbio hizo ndefu kwa miaka mitano. Jua na unyevu wa Mombasa vikamtoa njiani, hakumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Nilikuwepo nimejifunika leso kichwani, jasho linanitoka kwa kusimama tu. Sasa wewe unayetoka Nakuru na mtoto mgongoni unataka kutembea Mji wa Kale saa saba mchana?

Ngomeni, kwa hiyo, nenda mapema, milango inapofunguliwa. Wareno walianza kuijenga 1593, na kuanzia 1696 Waomani waliizingira karibu miaka mitatu mpaka ikaanguka. Baadaye ikafanywa jela hadi 1958. Neno letu "gereza" limetoka kwenye neno la Kireno la kanisa, na mpaka leo sijapata kichekesho cha lugha kinachonifurahisha kuliko hicho. Ukitoka, ingia vichochoroni, vaa kiheshima, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na umalizie na kahawa chungu na kashata. Pembe za Moi Avenue utaziona ukipita kwenye tuktuk. Inatosha.

Mpira ulitakwa na yule mkubwa, miaka kumi na mitatu, shabiki wa timu ya Uingereza ambayo hajawahi kuiona kwa macho. Nikampeleka Mbaraki kuwaona Bandari, timu ya bandari yetu, iliyotwaa kombe la Shield 2015 na 2019. Uwanja ni mdogo, na huo ndio uzuri wake: unasikia kocha akifoka, unasikia buti likigonga mpira, na nyuma yako kuna mzee anayemtukana refa kwa lafudhi tamu mpaka unasahau kwamba ni matusi. Hakikisha ratiba siku hiyohiyo, kwani mechi huhamishwa. Fika mapema upate kivuli, ubebe maji. Karibu na hapo kuna mnara wa kale wa Mbaraki, wa mawe ya matumbawe, ambao baadhi ya watu huupelekea marashi na ubani kwa sababu inasemekana una mwenyewe, yaani pepo. Mtoto wa wifi aliuliza kama Bandari huenda kuomba magoli pale. Sikumjibu, siku hiyo tulikuwa tumefungwa.

Haller Park ipe alasiri nzima, usiibane. Panda matatu ya Mtwapa ushuke langoni, barabara ya Malindi. Watu hukimbilia kuwalisha twiga, na ni haki yao, lakini kwanza waoneshe watoto ardhi yenyewe. Hapa palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jeupe, hapaoti kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na uliokubali kuliko yote ni mvinje. Tatizo likawa majani yake: yalidondoka yakajaa chini bila kuoza. Suluhisho lilikuwa jongoo. Wakaletwa majongoo wakayala, wakayafanya udongo, na juu ya udongo huo ndipo msitu mzima ulipoota. Kwetu mtupa jongoo hutupa na mti wake, lakini watoto wale walirudi Nakuru wakiwasalimia.

Na ni hapa ndipo alipoletwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyepotezana na mamake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akajigandisha kwa kobe mkongwe aitwaye Mzee. Wakalala pamoja, wakaoga pamoja. Wifi alisoma kibao chote kimya, kisha akajifuta pua kwa pembe ya leso akasema ni vumbi.

Kasa hatukuwaona, na hapo sikuahidi kitu. Jike hupanda ufuoni usiku, hufukia mayai mia hivi, na huanguliwa baada ya siku kama sitini. Ukibahatika kuitwa na walinzi wa viota, Shanzu au Watamu, zima tochi na simu. Vitoto hufuata mwanga kuipata bahari. Taa yako itavipeleka barabarani. Wala usivibebe kuvisaidia.

Diani tuliifuta kwenye karatasi. Ni kama kilomita 30 kusini, na inataka siku yake peke yake, mbega wale weusi kwa weupe wakivuka barabara juu ya kamba zao. Ukienda, vuka feri ya Likoni asubuhi: wakati huo umati unakuja kisiwani, nyinyi mnakwenda kinyume chake, nafasi ipo. Wanaotembea kwa miguu hawalipi. Jioni ya kurudi vilevile. Nyani wasipewe chakula, hata wakikuangalia kama mayatima.

Jioni ya mwisho tulikaa Mama Ngina, maji yamejaa, meli kubwa inaingia Kilindini karibu sana hata watoto wakawapungia mikono mabaharia. Dafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, midomo ya watoto myekundu kwa mabuyu. Wifi akaitoa ile karatasi, akakata Ngomeni, akakata Haller Park, akakata mpira, akaikunja akaniachia.

"Hii ya Diani nitunzie," akasema. "Na unitumie tarehe ya bamvua."