Haitiki Akiitwa

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Haitiki akiitwa, hasemi, na kutwa hupanga vifuniko vya chupa. Mama mkwe anailaumu chanjo ya surua. Je, ni usonji? (Mama, Tanga)

JIBU: Dalili hizo zinatosha kumpeleka kwa daktari wa watoto bila kukawia, ingawa hazitoshi kuthibitisha usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu. Aanze kupimwa masikio, kwa maana mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki wala hasemi. Daktari atauliza pia kama hunyoosha kidole kukuonyesha kinachomvutia, jambo ambalo watoto wengi hulifanya kabla ya miezi 18, na kama amepoteza maneno aliyokuwa nayo.

Kuhusu chanjo, makala ya mwaka 1998 iliyoeneza hofu hiyo kutoka Uingereza ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na tafiti kubwa hazikuona uhusiano wowote. Usonji hutokana na namna ubongo unavyokua, na urithi una sehemu kubwa. Si malezi yako, wala si laana, hata majirani wakinong'ona.

Usingoje majibu ya daktari ndipo umsaidie: keti naye, panga vifuniko pamoja naye, ukitaja kila kimoja kwa neno fupi, kisha umpe nafasi ya kujibu, hata kwa kutazama tu.