Mita 400 mtindo huru: mia ya tatu inanimaliza, nifanyeje?

Swali: Kocha, habari za kazi. Nina miaka 46 na ninashiriki mashindano ya kuogelea ya watu wazima. Mita 400 mtindo huru, bwawa la mita 25, nimekwama kwenye 6:24. Juzi mwenzangu alinipimia kila mia: 1:24, 1:37, 1:43, 1:40. Mita 200 naogelea 2:58. Nafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, kama mita 2,500 kila siku, nyingi kwa mwendo wa kawaida. Nikishapita mita 200 mikono inakuwa mizito na pumzi hazitoshi. Niongeze umbali au niongeze kasi? Na mita 200 niziogelee kwa mpango huo huo?

Jibu: Umefanya vizuri kuleta muda wa kila mia, maana 6:24 peke yake isingeniambia kitu. Wastani wako ni 1:36 kwa mia. Mia ya kwanza umeipita kwa sekunde 12 chini ya wastani huo. Kuruka kutoka jukwaani kunakupa nafuu ya sekunde mbili, tuseme tatu. Zile tisa zilizobaki umezikopa, na mia ya tatu ndiyo iliyolipa, pamoja na riba.

Sasa tazama mia ya nne: 1:40. Mtu ambaye stamina imemwishia kabisa haongezi kasi mwishoni. Wewe uliongeza sekunde tatu. Kwa hiyo swali la umbali au kasi tuliweke pembeni kidogo. Kwa maoni yangu mwili ulio nao leo unaweza kuogelea 6:16, ila unaugawa vibaya.

Ubaya wa maji ni kwamba ukizidisha kasi, gharama haipandi kwa kiwango kile kile. Ukinzani wa maji unaokupinga hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu ya kuushinda hukua kwa mchemraba wake. Ongeza kasi asilimia 10, nguvu inayotakiwa inapanda karibu theluthi nzima. Mia yako ya kwanza, hata ukiondoa faida ya mruko, ilizidi wastani wako kwa asilimia 10 hivi.

Kwa nini hukusikia uchovu pale pale? Sekunde kumi za mwanzo misuli hutumia akiba yake ya haraka, ambayo haihitaji oksijeni. Baada ya hapo huanza kuvunja sukari kwa kasi, wakati moyo na mapafu bado yanapanda taratibu. Huchukua dakika moja au zaidi kufikia kiwango mbio inachohitaji, na umri unavyosogea kupanda huko huchelewa zaidi. Ndiyo maana mita 50 za kwanza huwa tamu. Ukija kuhisi kifua kinabana, kosa lilishafanyika nusu dakika iliyopita. Hisia zako za mwanzo wa mbio ni shahidi mwongo, usizisikilize. Sikiliza saa.

Mgawanyo ninaokupa ni huu: 1:30, 1:35, 1:36, 1:35. Jumla 6:16. Mia ya kwanza yenyewe iwe 43 kwa hamsini ya kwanza, kisha 47. Hiyo 43 itakuudhi. Utaona wenzako wanakuacha kwa urefu wa mwili mzima na utatamani kuwafuata. Waache. Hata wakubwa hufanya hivyo: kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyoogelewa mwaka 2021, Ariarne Titmus wa Australia alikuwa bado nyuma ya Katie Ledecky wa Marekani walipopita nusu ya mbio hii hii, akampita ndani ya mia ya mwisho na kushinda kwa 3:56.69 dhidi ya 3:57.36. Sisi wengine hatuna miili ile, lakini subira haihitaji kipaji.

Kujua mgawanyo ni rahisi, kuushika majini ndiyo kazi. Mara moja kwa wiki ogelea 50 mara 16, kila moja kwa sekunde 47, pumzika sekunde 20. Ya kwanza ikitoka 44 usijisifu, umeikosa. Lengo ni ya kwanza na ya kumi na sita zitofautiane kwa sekunde moja tu. Kabla hujatazama saa ya ukutani, jitajie muda unaodhani umepata. Mwanzoni utakosea kwa sekunde tatu nne. Baada ya wiki kadhaa mkono wenyewe utaijua 47.

Wakati huo huo hesabu mikono. Tuseme urefu mmoja wa bwawa unapiga mikono 19 ukiwa mzima. Kwenye hamsini ya kumi na mbili ukikuta imefika 23 na muda ni ule ule, ujue kiwiko kimeanza kushuka na kiganja kinateleza badala ya kushika maji. Mara nyingi huo "uzito" unaousema huanzia hapo. Dawa si kupeleka mikono haraka zaidi. Rudisha kiwiko juu mkono unapoanza kuvuta, na umalizie msukumo mpaka kwenye paja.

Halafu miguu. Ni misuli mikubwa, inakula oksijeni nyingi, na kwa muogeleaji wa kiwango chako inachangia mwendo kidogo kuliko inavyogharimu. Mia tatu za kwanza ipige kwa kiasi cha kuweka nyonga juu tu. Mia ya mwisho ifungulie. Pumzi nazo usizibane mwanzoni kwa sababu tu unajisikia vizuri: vuta kila baada ya mikono miwili tangu urefu wa kwanza. Na usisahau kuta. Una mizunguko 15 ya kugeuka, na mtu aliyechoka huokoa pumzi kwa kutoka ukutani kivivu. Jisukume kwa nguvu, ukiwa umenyooka, mpaka karibu mita tano, hata kwenye mzunguko wa mwisho. Nusu sekunde kila ukuta ni sekunde saba na nusu. Hakuna zoezi la mapafu litakalokupa hizo kwa mwezi mmoja.

Sasa stamina. Ipo hesabu nyepesi ya kupata kasi unayoweza kuihimili kwa muda mrefu: chukua muda wa mita 400, toa muda wa mita 200, gawanya kwa mbili. Kwako ni sekunde 384 toa 178, zinabaki 206, yaani 1:43 kwa mia. Umeona? Ndiyo mia yako ya tatu hasa. Ulipomaliza kilichokopwa, mwili ulirudi kwenye kasi unayoimudu. Ila hesabu hii inadanganywa na mbio iliyogawanywa vibaya, kwa hiyo rudia kipimo baada ya wiki sita. Kwa sasa tumia 1:42: ogelea 100 mara 12, pumziko la sekunde 15, mara moja kwa wiki. Ukishindwa kuishika kwenye ya tisa, punguza idadi, usiongeze pumziko.

Siku tatu zako zikae hivi: moja ya zile mia 12, moja ya hamsini 16, na ya tatu ya mwendo mwepesi wenye mazoezi ya mbinu, ikimaliziwa na 25 mara nane za kasi kamili na pumziko la kutosha. Hizo 25 ni za lazima. Misuli ya kasi ndiyo inayotangulia kupungua kwa umri, na haitunzwi kwa mwendo wa kawaida. Kati ya siku mbili ngumu acha saa 48. Ukipata nafasi ya nne, kabla ya kuongeza maji ningechagua mazoezi ya nguvu nchi kavu, hasa ya mgongo wa juu na ya kuzunguka bega. Vibao vya mikononi, vile vinavyovaliwa viganjani ili kushika maji mengi zaidi, viache mpaka bega liwe imara. Na ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, toka majini umwone daktari. Mambo ya sekunde yatasubiri.

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano punguza umbali kwa nusu, lakini kasi iache ilivyo. Siku yenyewe pasha mwili kwa dakika 20, ukiweka ndani yake 50 mbili tatu za kasi ya mbio, ili moyo na mapafu yasianze kutoka sifuri. Kama kuna saa nzima kabla hujaitwa, vaa nguo za joto na endelea kuzungusha mikono.

Mita 200 ni habari nyingine. Mbio ya dakika tatu inaruhusu kuanza kwa ukali kidogo, kwa sababu kilichokopwa hakina muda mrefu wa kukufikia. Jaribu 1:26 kisha 1:30, upate 2:56. Hamsini ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi: wanajitunza kwa ajili ya mwisho, kumbe muda unavuja pale. Anza kufungulia miguu ukitoka ukuta wa mita 100, usingoje hamsini ya mwisho. Ratiba ikiziweka mbio zote mbili siku moja na 400 ikatangulia, baada yake ogelea polepole walau dakika kumi kabla hujakaa.